Simu Kutoka Calakmul

Landy Chablé alikuwa ndiyo kwanza anatia kijiko kwenye supu yake, soko la Campeche limejaa mchana ule hadi pa kuweka kiwiko hapana, vumbi likamwagika kutoka darini moja kwa moja ndani ya bakuli. Akainua macho. Juu ya ngazi, kijana mwenye fulana ya bluu iliyoloa jasho alikuwa amekumbatia pangaboi kama aliyekamata mwizi.

"Fundi, hilo vumbi ni la bure au unaliuza?"

"Kwako ni bure, dada. Ngoja nishuke nikununulie supu nyingine."

"Shuka. Na hii uile wewe."

Akashuka, akaketi, akaila kweli, vumbi na vyote, huku akimkazia macho. Ndivyo Landy, muuza miwani mwenye ulimi mkali na vishimo mashavuni, alivyomjua Gaspar Uc, fundi wa mapangaboi na viyoyozi. Kabla mvua za mwaka ule hazijaanza, walikuwa hawalali bila kupigiana simu.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula. Supu safi, haina vumbi."

"Basi haikuwa na ladha."

Jambo moja tu lilimkera Landy. Kila Jumamosi simu ya Gaspar ilizimwa. "Nina kazi mjini Escárcega," alisema. Landy akalimeza jibu hilo.

Mwezi wa Agosti Gaspar aliazima gari kuukuu la mjomba wake ili ampeleke Calakmul, mji wa mababu zao uliomezwa na msitu. "Nina neno nataka kukwambia kule juu," alimwambia. Landy akavaa gauni jeupe alilolitarizi maua mekundu kwa mkono wake, na moyoni akajiambia neno lenyewe analijua. Ni pete.

Walikwea piramidi kubwa wakishikana mikono, wakihema na kucheka. Siku hiyo ya katikati ya wiki hapakuwa na watalii. Kileleni upepo ukawapokea, na chini yao msitu ukatanda hadi mwisho wa macho. Simu ya Gaspar, iliyokuwa imekosa mtandao tangu waache barabara kuu, ikalia, ujumbe umeingia.

"Nifungulie, mpenzi, mikono yangu imejaa jasho."

Landy akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke: "Gaspar, Jumamosi usichelewe tena. Usiku kucha ni kilio, anakutaka wewe tu. Na huyo mwanamke wako, umeshamwambia au bado?"

Tabasamu la Landy likafa. "Nani huyu?"

"Anaitwa Rubí. Landy, nisikilize, hilo ndilo nililotaka..."

"Una mke Escárcega?"

"Si mke."

"Si mke, ila usiku kucha ni kilio! Mimi nimevaa gauni jipya kuja kuambiwa kwamba nina mwenzangu?"

"Nipe nafasi niseme, tafadhali."

"Ulikuwa na Jumamosi zote za kusema. Nirudishe kwetu."

Akateremka ngazi za mawe peke yake, machozi yakimziba macho. Garini Gaspar alijaribu tena. "Landy, yuko..."

"Nyamaza. Endesha."

Akaendesha, na kwa uchungu akaendesha kasi kuliko ile njia nyembamba ilivyoruhusu. Kwenye kona, bata mzinga wa msituni, mwenye manyoya yanayong'aa kama ya tausi, akaingia barabarani. Gaspar akakata usukani. Gari likaserereka kwenye matope na kuuvaa mti.

Landy alipozinduka, damu ilikuwa ikimtiririka kwenye nyusi. Simu yake ilikuwa vipande. Ubavuni kwake Gaspar alikuwa mweupe kama chokaa, mguu wake wa kushoto umebanwa chini ya vyuma, na damu ikidondoka sakafuni bila kukoma. Landy alivuta, akasukuma, akapiga mlango kwa jiwe. Chuma hakikusogea. Akararua pindo la gauni lake, maua na vyote, akamfunga paja kwa nguvu zake zote.

"Usiniache," Gaspar alinong'ona.

"Nikikaa utakufa. Nipe simu yako. Nitarudi."

"Hata na hasira hizo?"

"Nitarudi nazo."

Akakimbia kurudi kwenye magofu. Mvua ikaanza, njia ikageuka uji, raba zake zikanasa, akazivua na kuendelea peku. Langoni alimkuta mlinzi, Don Crescencio, na hakuhitaji kumweleza mengi, damu ilieleza.

"Redio imeunguzwa na radi jana, binti yangu. Gari la wenzangu limekwenda mjini. Panda kule juu ya piramidi, ndiko mtandao unakoshika. Mimi naenda kwake."

Landy akapanda kwa mikono na magoti, mawe yakiteleza, akimtukana Gaspar na kumwombea katika pumzi ileile. Kileleni akapiga namba ya dharura. "Ajali! Njia ya Calakmul..." Ikakatika. Akapiga tena. Kimya. Chaji ilikuwa inakata roho. Akainua simu juu kama anayemwonyesha Mungu, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemjibu ila nyani.

Ndipo simu ikaita mkononi mwake. Rubí.

Angeweza kuitupa chini. Akapokea. "Dada, nisikilize! Gaspar amebanwa garini, njia ya kwenda magofu ya Calakmul, anatoka damu. Anakufa! Ita msaada!"

"Wewe ndiye Landy?" Sauti ilitetemeka mara moja tu, ikajikaza. "Nimesikia. Nawapigia sasa hivi. Yupo hai?"

"Nilimwacha hai."

Nyuma ya sauti ile ikasikika nyingine, nyembamba: "Mama, ni baba?"

Simu ikazima.

Landy alirudi mbio bila kujua miguu inakanyaga nini. Don Crescencio alikuwa amekishika kifundo cha kitambaa kwa mikono miwili. "Anasinzia," alisema. "Asisinzie."

Landy akaupiga uso wa Gaspar kibao. "Fumbua macho! Anaitwa nani?"

"Nani..."

"Mwanao, mwongo mkubwa we!"

Macho yakafumbuka. "Suemi."

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Anapenda kula nini? Gaspar! Anapenda nini?"

"Papai... la chumvi na pilipili. Hataki kuchanwa nywele. Mama yake... anahamia Monterrey. Nilitaka nimchukue. Niliogopa utaniacha."

"Nitakuacha ukipona. Endelea kusema. Nani anamchana?"

"Mimi. Jumamosi."

Don Crescencio akageuza uso pembeni. Na Gaspar akasema, neno baada ya neno, kila alichoficha, Landy akimzaba kila aliposita, hadi giza lilipoanza kuingia na mwanga wa gari la wagonjwa ukamulika miti.

Madaktari wa Campeche waliokoa roho. Mguu hawakuuweza, ulikatwa chini ya goti.

Kwenye korido Rubí alisimama mbele ya Landy, mwembamba, macho yamevimba, mtoto kamlalia begani. "Tangu Pasaka namwambia akwambie. Sisi tuliachana mtoto hajaanza kutembea. Ananiambia, 'Akijua atakimbia.'"

"Nimekimbia kweli," Landy akasema. "Tazama miguu yangu." Kisha akanyoosha mikono. "Nipe nikupokee. Umechoka."

Gaspar alipopata nguvu ya kusema, aligeukia ukuta. "Nenda zako, Landy. Sina mguu, nina mtoto, na nimekudanganya. Unangoja nini?"

"Nangoja uniombe radhi huku unaniangalia."

Akageuka. Akamwomba, akilia kama mtoto. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kupoteza, akamwomba na ndoa.

Landy hakumjibu siku ile. Hakumjibu Septemba, alipokuwa akimfunza kutembea na magongo, wala Oktoba, Rubí alipopanda basi la kwenda Monterrey na Suemi akalia mpaka akalitapikia gauni la Landy. Alimjibu Desemba, mbele ya kanisa la San Román, kengele zikilia na Gaspar akiegemea gongo lake.

"Haya, nimekubali. Lakini siku utakayonificha jambo tena, huo mguu uliobaki nitauvunja mimi."