Munyiva Ameitwa

Kila Jumapili, Munyiva alisimama mbele ya kanisa kule Kithyoko akasema maneno ya mtu mwingine. Pasta Muiruri alikuwa mtu wa Murang'a, na Kikamba hakukijua. Alihubiri kwa Kiswahili. Munyiva alisimama kando yake akatafsiri kwa Kikamba, ili wazee nao wasikie. Pasta akiinua mkono, naye anainua. Pasta akipaza sauti, naye anapaza. Watu walisema, "Huyu mama anajua Biblia."

Mwenyewe alijua ukweli. Ibada ilipoisha, Pasta alipanda pikipiki akaenda kanisa lingine, maana alikuwa na makanisa manne. Watu wenye maswali walibaki na Munyiva. Mmoja aliuliza kama ni dhambi kumpeleka mgonjwa wa akili hospitalini. Mwingine aliuliza kama ukame ni adhabu. Munyiva aliwajibu, "Tungoje Pasta arudi." Kisha alirudi nyumbani akiwa na huzuni.

Alitamani kusoma theolojia, yaani elimu ya Mungu na Neno lake. Siku moja alimpeleka mtoto hospitali Machakos mjini, akapita karibu na chuo cha Biblia. Aliwaona wanafunzi wamekaa kwenye nyasi, vitabu mapajani, wanabishana na kucheka. Alishika waya wa ua akatazama, mpaka askari wa lango akamwuliza kama amepotea. Tangu siku hiyo hamu ile haikumtoka. Alikuwa nayo akiteka maji, alikuwa nayo akipalilia ndengu. Wakati mwingine aliionea aibu, kwa sababu alikuwa mama wa watoto watatu, wa kwanza Ndinda, na shule aliishia darasa la nane.

Mumewe, Kitheka, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Safari moja, Munyiva alijipa moyo akamwambia.

"Baba Ndinda, nataka kwenda chuo ya Biblia."

"Chuo ni miaka tatu," Kitheka alisema. "Watoto watabaki na nani? Na kanisa yetu haina pasta mwanamke. Utasoma ndio uende wapi?"

Kisha akaongeza sauti ya redio. Munyiva akaendelea kuosha vyombo.

Miezi ikapita. Jioni moja, mwaka ule uliofuata mvua ya El Nino, kabla simu hazijafika kijijini, Munyiva alikuwa akimenya mbaazi na Nduku, mama yake Kitheka. Yale ya moyoni yakamtoka.

"Mwaitu, siwezi kunyamaza tena," alisema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. "Mungu ananiita nisome. Naskia kila siku."

Nduku aliacha mbaazi. Alikuwa mama wa maneno machache, na hayo machache hakuyapima. "Hiyo si neno ya mimi," alisema. "Ni ya mume wako."

Alfajiri, Nduku alikwenda barabarani. Alimkuta jirani yao Maundu akipakia magunia ya ndengu kwenye lori ili akauze Athi River.

"Maundu, ukifika mwambie Kitheka mke wake ameitwa na Mungu. Aje nyumbani."

Maundu alivua kofia. "Ameitwa? Lini?"

"Mimi nimejua jana jioni."

"Pole sana, mama."

"Ni kuvumilia tu," Nduku alisema, akarudi kukamua mbuzi.

Maundu hakuuliza zaidi. Habari ya msiba haichimbuliwi. Na sisi wote tunajua, ikisemwa mtu ameitwa na Mungu, kinachofuata ni kuchimba kaburi. Alifika lango la kiwanda, akaomba Kitheka aitwe, akampa habari ile huku ameshika kofia kifuani.

Alasiri, Munyiva alikuwa akianua nguo. Aliona mumewe anaingia langoni, siku ambayo si ya kuja. Macho yalikuwa mekundu. Kitheka alimwona, akaketi mavumbini.

"Baba Ndinda, ni nini? Nani amekufa?"

"Wewe," alisema Kitheka. "Niliambiwa umeitwa na Mungu."

"Lakini ni kweli nimeitwa. Nimeitwa nisome."

Kitheka alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Munyiva aliketi karibu naye.

"Njia yote nilikuwa nakumbuka kitu moja," Kitheka alisema. "Ile siku uliniambia maneno ya chuo, mimi nikaongeza redio. Nikaambia Mungu, kama ningempata tena, ningezima hiyo redio nimsikize. Sasa nimekupata. Ongea."

Munyiva akaongea. Alimweleza habari za maswali ya watu, na za ule waya wa ua aliokuwa ameushika kama mfungwa. Lakini alipofika mwisho, machozi yalimlengalenga. "Na watoto siwezi kuwaacha," alisema. "Hata ukiniruhusu, siwezi."

Hapo lango likalia. Alikuwa Mwihaki, jirani mwenye duka la nafaka sokoni. Watu wa steji ya mabasi walikuwa wamemwona Kitheka akishuka huku analia, wakamwuliza, na soko zima lilikwishajua Munyiva amefariki. Mwihaki alibeba sukari na unga wa matanga. Marehemu mwenyewe ndiye aliyempokea mzigo.

Walipokwisha kucheka na chai ikaiva, Kitheka alimweleza mambo yalivyokuwa. Mwihaki aliweka kikombe chini.

"Kwani mnafikiri mimi hufunga duka mapema Jumatano niende wapi?"

"Si chama ya akina mama?" Munyiva aliuliza.

"Chama gani? Naenda kusoma theolojia. Niko mwaka wa pili."

"Lakini uko hapa kila siku," Kitheka alisema.

"Ndiyo. Kuna masomo ya nyumbani. Unapewa kitabu, unasoma somo kidogo kila siku na kujibu maswali. Jumatano mnakutana na mwalimu kwa kanisa ya Matuu, mnajadiliana. Likizo ya shule unaenda chuo wiki mbili tu. Kuna mtihani. Ukipita unapata cheti, na ukitaka unaendelea mpaka diploma. Haba na haba hujaza kibaba."

"Mimi niliishia darasa la nane," Munyiva alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa kuanzia inatosha. Vitabu viko kwa Kiswahili. Utahitaji Pasta na wazee wa kanisa wakupendekeze."

"Na atafanya kazi gani, kama si pasta?" Kitheka aliuliza. Safari hii aliuliza kwa kutaka kujua.

"Mimi natembelea wagonjwa hospitali. Mwenzangu anasaidia vijana. Mwingine anasuluhisha watu wa ndoa. Pasta mmoja na makanisa manne, unafikiri atafika kila mahali?"

Kitheka alifikiri kidogo. "Niliona bango Matuu. Ati cheti ya theolojia kwa wiki mbili. Si hiyo ni haraka zaidi?"

"Hapo chunga sana," Mwihaki alisema. "Kuuliza si ujinga. Uliza: kanisa yetu inajua hiyo chuo? Walimu wake walisomea wapi? Cheti yake, chuo zingine zinaikubali? Wakikosa majibu, rudi nyumbani."

Wiki iliyofuata, Pasta na wazee walikubali. Munyiva alianza masomo. Hayakuwa mteremko. Mtihani wa kwanza alianguka, akalia, akaurudia. Nduku alikaa na watoto kila Jumatano, akilalamika na huku akifurahi. Kitheka akiwa nyumbani alipika ugali mwenyewe, mara nyingine ukaiva. Likizo ya Agosti, Munyiva alikwenda chuoni Machakos akakaa kwenye nyasi na wenzake, akabishana.

Mwaka wa pili alianza kwenda hospitali pamoja na Mwihaki. Siku moja alimkuta mama kijana amelala akitazama ukuta. Mtoto wake alikuwa amefariki siku iliyotangulia.

"Wewe ni pasta?" mama yule aliuliza bila kugeuka.

"Hapana. Ninasoma tu."

"Basi kaa. Lakini usiniambie nisilie. Wote wananiambia hivyo."

Munyiva aliketi. Mafungu ya Biblia aliyajua mengi sasa, na pia alikuwa amejifunza kwamba kuna saa ya kuyangoja.

"Mtoto alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

Mama yule akageuka. "Hakuna mtu ameniuliza hiyo," alisema. "Laban. Tulimpa jina Laban."

"Laban," Munyiva alisema. Alimshika mkono, wakamlilia Laban pamoja.