Mpiga Simu kutoka Nyakiriba

Walikutana mpakani Grande Barrière, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Goma. Evode alikuwa akigombana na aliyemsukuma, na binti mmoja mwenye kitenge cha manjano na beseni la nyanya akaitambua sauti yake, akageuka kwa kelele.

"Yesu! Njo we wa redio? Baba anafungaka mulango tukusikilize!"

"Na wewe unanisikilizaka?"

"Mi nabishanaka na we mu jikoni."

Evode akacheka mpaka foleni ikampita. Binti huyo, Pulchérie, alikuwa ameshamteka, na wakawa wapenzi.

Enzi hizo watu waligombania laini ya kipindi chake cha siasa. Kisha kila mtu akaanza kubishana kwenye simu yake mwenyewe, na studio ikapoa. Mkurugenzi wake, Kimenyi, akamwambia wazi: simu zisipolia, muda huo unapewa muziki. Kwa Evode ilikuwa sawa na kukatwa ulimi.

Akabakiwa na mpigaji mmoja mwaminifu, Mama Xavérine wa Nyakiriba, mkulima wa viazi mwenye maneno makali. Alimtegemea kwa kufa na kupona. Mpaka siku ile, katikati ya hoja, mzee mmoja akafoka nyuma ya yule mama: "Pulchérie! Kuku iko nakula nyanya!"

Wote waliokuwa bado wakisikiliza walisikia. Jioni Evode akampigia Pulchérie.

"Kumbe naongeaka na we tu?"

"Sheri, sikutaka ukose mutu."

"Umenifanya kichekesho. Usipige tena."

Akatii. Na hakuna mwingine aliyepiga.

Ijumaa Evode akafungua kipindi, akataja namba. Kimya. Akaitaja tena. Akaomba, yeye aliyezoea kuwakatiza wakubwa: "Hata kunitukana, jamani, pigeni!"

Taa ya simu ikawaka.

"Naitwa Pulchérie, wa hapa Gisenyi. Leo njo jina yangu ya kweli."

Evode akasogelea kipaza sauti. "Karibu, uko hewani."

"Hapana, mupenzi. Redio iko napiga muziki tangu saa yako ianze. Njo maana nimepiga."

Evode akatazama dirisha la kioo. Upande wa pili Kimenyi aliinamisha uso. Machozi yakamtoka Evode mbele ya kipaza sauti kilichokatwa.

"Kumbe hakuna mutu ananisikia?"

"Mi niko nakusikia."

Akajifuta machozi kwa kiganja.

"Pulchérie, baba yako atakubali mukwe asiye na redio?"

"Kuja umuulize. Na yeye amekosa mutu wa kubishana naye."

Evode akavua vifaa vya masikioni na kutoka, muziki ukiendelea.