Siku Waliyochanjwa Ng'ombe

Asubuhi hiyo Malale hakuwacheka ndama. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Sikujua. Kila siku, akishafagia uwanja, alimbeba mdogo wake hadi mlango wa zizi kabla hajaenda shule. Mtoto huyo wa miaka miwili alikuwa akicheka hadi kukosa pumzi ndama wakigombania kunyonya. Leo alifumba macho na kuuficha uso shingoni mwa dada yake, kama anayekimbia jua. Paji lake lilikuwa la moto.

"Mama, Malale hataki mwanga."

"Usingizi huo," mama yake, Tereza, alijibu kutoka jikoni. "Mlaze, uwahi shule. Ukichapwa usinililie mimi."

Aliporudi mchana alimkuta mtoto anakohoa, macho mekundu yakitoa machozi. Baada ya siku tatu vipele vikaanza nyuma ya masikio, vikashuka usoni, vikaenea kifuani. Pale kijijini Kakese hakuna aliyehitaji kuuliza ni nini. Ilikuwa surua.

Mwalimu wao wa darasa la tano aliwahi kuwaeleza kwamba mtoto mwenye surua apelekwe zahanati mapema. Sikujua hakuwa msemaji, lakini jioni hiyo alimweleza baba yake.

Masele alikuwa mfugaji aliyehamia Mpanda na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Hakuwa mtu mkali. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho.

"Surua haichomwi sindano, mama," alimwambia. "Ukiichoma inarudi ndani, inaua. Iache itoke yote. Hata wewe ulitoka vipele hivyohivyo, mbona upo?"

Malale akalazwa kwenye giza, blanketi likaning'inizwa mlangoni. Macho yakavimba, kope zikagandana kwa usaha. Hapo Masele aliona ana dawa. Ndama wake wakiumwa macho, alikuwa akiloweka tumbaku kwenye maji na kuwadondoshea, na wengi walipona. Akaloweka tumbaku. Sikujua akaambiwa aishike mikono ya mdogo wake.

"Mshike vizuri. Dawa ya macho lazima iwashe."

Alimshika. Malale alilia mpaka sauti ikakauka.

Siku mtoto alipoanza kuhema harakaharaka, mbavu zikiingia ndani kwa kila pumzi, Tereza hakuomba ruhusa tena. Alimfunga mgongoni, wakatoka yeye na Sikujua kuelekea zahanati. Walikuwa wamefika mbali Masele alipowafikia kwa baiskeli. Aliwapakia mama na mtoto, Sikujua akafuata nyuma kwa miguu, nusu akikimbia.

Pale zahanati nesi Bernadetha alimpa mtoto dawa ya mapafu na matone ya vitamini A, akamsafisha macho kwa maji yaliyochemshwa. Alipoyamulika kwa tochi, aliwageukia wazazi.

"Mmeyatia nini haya macho?"

"Tumbaku," Masele alijibu. "Ile ya ndama."

"Na chanjo ya surua alipata? Ile ya miezi tisa?"

Tereza alimtazama mumewe. Masele aliitazama kofia yake.

Sikujua alilijua jibu. Gari la chanjo ya watoto lilikuja kijijini siku ileile bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe. Mama alikuwa ameshamvalisha Malale shati safi. Baba akasema, "Mtoto ana siku nyingine, ng'ombe hawana," akaichukua familia yote ikaswage ng'ombe. Kutwa nzima Masele aliwaita ng'ombe wake kwa majina, asisahaulike hata ndama mchanga. Jirani yao Mabula akamtania, "Masele, hao unawajua kuliko wanao." Watu wakacheka, na Masele akacheka nao. Ile siku nyingine ilipokuja ilikuta wanapanda mpunga. Iliyofuata ikakuta wanavuna.

Malale hakufa. Pumzi zilitulia, homa ikashuka, akaomba uji. Jicho la kulia lilifunguka likamtafuta mama yake. La kushoto lilikuwa limefunikwa na weupe mzito.

"Hilo halitaona tena," nesi alisema. Tereza akajifunika uso kwa kanga. Nesi alimsubiri atulie, ndipo akaendelea. "Sikilizeni, na mkawaambie wenzenu. Surua inaletwa na kirusi. Kikishaingia mwilini hatuna dawa ya kukiua. Tunahangaika na madhara yake tu, mapafu, macho, kuhara. Chanjo inauandaa mwili kabla kirusi hakijafika. Sindano hairudishi surua ndani, mzee. Mtoto akipitwa na siku yake, mleteni inayofuata, msikate tamaa. Akiugua, mleteni siku hiyohiyo. Na jichoni msitie kitu ambacho hamkupewa hapa."

"Nimesikia," Masele alisema.

Na kweli alisikia. Gari la chanjo liliporudi, aliwaacha ng'ombe zizini, akafunga mkokoteni, akapita nyumba kwa nyumba kuwapakia kina mama na watoto. Nyumba ya Mabula ilisitasita, na Masele akakaa mlangoni kwao mpaka watoto wakatolewa. Sindano zilichomwa, vilio vikasikika, kisha ikawa zamu ya peremende.

Jioni, wakirudi, Mabula alimpiga bega. "Leo umekuwa mchungaji wa watoto, Masele. Kazi nzuri."

Masele alitabasamu kidogo.

Sikujua alikuwa amekaa nyuma ya mkokoteni na Malale mapajani. Mtoto alimwona kipepeo, akanyoosha mkono kumshika, akakosa kwa mbali. Akajaribu tena, akakosa tena. Hakujua kwa nini, akacheka tu.

"Baba," Sikujua aliita.

"Naam, mama."

"Malale ulimtibu kama ndama. Mbona siku ile hukumchanjisha kama ndama?"