Chungu Alichokifunua Zablon

Uji ndio ulioanza. Theopista wa Majengo, pale Mpanda mjini, alikoroga uji wa mtoto asubuhi, akauonja, akautema. Ulikuwa na ladha ya msumari. Akasugua sufuria kwa jivu, akapika mwingine, msumari uleule. Mtoto wao Scola, hata kutambaa alikuwa hajajua, akaunywa wote, halafu akakohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha mtoto.

"Baba Scola, kuna nini humu ndani?"

"Kutu ya bomba," akajibu mumewe Zablon, anapiga viatu rangi. "Nyie wanawake hata kwenye kutu mnaona mashetani."

Ndivyo alivyokuwa huyo bwana. Serikali ilimpa kazi nzuri, kutunza kumbukumbu za mambo ya kale ya mkoa mzima: makaburi ya watemi, mapango, matanuru ya kuyeyushia chuma. Kazi ya heshima, ikaangukia mtu asiye na heshima. Akifika kijijini, shikamoo hatoi. Anauliza wazee mambo, wakimweleza anawacheka.

Juma moja kabla ya uji ule alikwenda Kasekese. Porini kule lipo tanuru la wafua chuma wa zamani, limebaki kama kichuguu, na pembeni yake chungu kimefunikwa, mdomo chini. Wenyeji wakamwambia, "Afisa, hicho hakifunuliwi. Wazee walipozima tanuru mara ya mwisho, jini lake walilifunikia humo, lisiwafuate majumbani."

"Jini!" akasema Zablon. "Na nyie mnapiga kura?"

Akakifunua, akapima mdomo, akapiga picha, akakiandika namba ya mkoa kwa rangi nyeupe. Ofisini hakuna stoo, basi akakipeleka nyumbani, akakisukuma uvunguni mwa kitanda, mdomo juu. Uvunguni! Mahali pa ndala na mende.

Siku ile ya uji, mchana, Theopista anafua uani, akasikia fuu... fuu... kama mivukuto ya mfua chuma. Akaingia ndani. Chumba kilinuka mkaa, joto likampiga usoni kama amefunua tanuri la mikate, na pale kitandani Scola amelala macho wazi, kifua chake kinapanda na kuzama mpaka mbavu zinahesabika, na kila kilipozama kitu kingine kule uvunguni kilivuta pumzi, na kila kile kilipotoa pumzi mtoto alijaa, alijaa kama ngozi ya mbuzi inayopulizwa, na midomo yake ikawaka wekundu kwa ndani.

Akamnyakua, akatoka mbio mpaka kwa jirani yake Aneth.

"Kinampuliza," akanong'ona. "Aneth, kinampuliza mwanangu kama moto."

"Shii, mama Scola. Kisikusikie."

Hospitali wakapima, wakasema mapafu safi. Theopista akamwambia mumewe twende na hicho chungu Kasekese kwa Bibi Lucia, mjukuu wa wafua chuma wale, au mimi na wewe basi. Zablon akabeba chungu, amenuna njia nzima.

Bibi Lucia alikuwa anamenya karanga. Hakusimama.

"Huyu ndiye aliyefunua?"

"Mimi ni afisa wa mkoa."

"Sijakuuliza mshahara. Jini halina shida na mtoto, linatafuta tanuru, na kifua cha karibu ndio tanuru. Ukirudishe chote. Ukifunike kwa mkono wako, utaje jina lako na la baba yako, useme nimekosa."

"Chote?"

"Una masikio mangapi wewe?"

Akaenda mpaka kwenye tanuru, wanawake wamemfuata nyuma. Yale maneno aliyatoa kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Lakini kabla hajakifunika, Bibi Lucia alipogeuka kumtazama mtoto, Zablon akavunja kigae chenye namba, akakitia mfuko wa shati. Wageni wa kutoka Dodoma walikuwa njiani kuja kukagua kumbukumbu zake, angewaonyesha nini?

Chungu kikafunikwa, Scola akapumua, akalala. Theopista akalia kwa furaha.

Walipofika mlangoni kwao, mtoto akakohoa. Theopista akafuata harufu ya mkaa mpaka mfukoni mwa mumewe.

"Baba Scola. Kwa ajili ya namba?"

"Kumbukumbu bila ushahidi si kitu, mama."

Alimtazama kama mtu anavyotazama matapishi ya mbwa. Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda basi kwenda kwao Mpimbwe. Scola yule yuko mzima, mnene, mkorofi.

Wageni walipokuja, Zablon alisimama mbele yao na suti, kigae kiganjani. "Waheshimiwa," alitaka kusema, ikatoka fuu. Akajaribu tena, likatoka vumbi jeusi la mkaa likaangukia kitambaa cheupe cha meza, na wale wageni wakarudi nyuma na viti vyao, na kifua chake kikajaa mpaka vifungo vikaruka, na kigae alipotaka kukiweka chini kikakataa, kimeshika kwenye nyama.

Sasa ukipita Majengo hata saa ya jua kali utaisikia ile mivukuto. Aneth hupita na ndoo yake kichwani, wala hakimbii tena.

"Afisa," humwita dirishani, "si ukirudishe tu?"

Na kule ndani, katikati ya fuu na fuu, sauti ya Zablon humjibu:

"Hakiwezi kurudi. Kina namba."