Aliyelinyima Jini Kazi

Alama za juu kabisa hazikuwa zake, na jambo hilo lilimuudhi kabla halijamtisha.

Mtaa mzima ulimwita Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, watu wakachoka kubisha. Shule aliiacha mapema, au kwa maneno yake, walimu waliishiwa cha kumfundisha. Kazi yake ilikuwa kutengeneza simu kwenye meza iliyobanwa mlangoni mwa duka la vioo, na akipata upenyo alitunga gemu. Si gemu za simu, hizo alisema hata paka anaweza. Zake zilikuwa ndani ya kikokotoo, kile kikubwa cha kuchora grafu ambacho wanafunzi wa hesabu hukililia, chenye kioo cha kijivu na kumbukumbu ndogo kuliko ya mlevi. Nyoka anayekula nukta, gari linalokwepa mashimo, mpira unaodunda ukutani: vyote alivifinyanga kwa vile vitufe vidogo, mstari kwa mstari, kisha akawasumbua wateja wavisifie.

Kikokotoo alikitoa kwa muuza vifaa chakavu, kikiwa tayari kimewaka. Ndani mlikuwa na programu moja tu, fupi, isiyo na picha wala swali. Ilikuwa ikihesabu. Moja, mbili, tatu, inapanda, ikifika mahali inarudi sifuri na kuanza upya.

"Aliyeandika hii alikuwa anasinzia," alimwambia mdogo wake, msichana aliyekuwa akijisomea mtihani sebuleni. "Inakula nafasi bure."

Watunga gemu za vikokotoo ni mabahili wa nafasi. Kwao mstari usiofanya kitu ni mgeni anayekula bila kunawa. Basi akaifuta, akazijaza gemu zake mahali pake.

Kesho yake ndipo alipozikuta zile alama.

"Umecheza gemu yangu?"

"Niicheze saa ngapi, Kaka? Na huyo nyoka wako anatembea kama amemeza dawa ya mafua."

"Kuna mtu kaimaliza."

"Basi mtu huyo maisha yake yanasikitisha."

Bingwa alicheka, kisha akaacha kucheka. Gemu ile hakuiwekea mwisho. Ila nyoka alikuwa amejaa kioo kizima, nukta hadi nukta, amejikunja bila kujing'ata, wala pengo la kupitisha unywele halikubaki.

Angekuwa mtu mwingine angekirudisha kikokotoo kilikotoka. Yeye akaona kachokozwa. Akamwongeza nyoka mwendo, akaweka kuta na mitego, akakiacha mezani akaenda kuoga. Kutoka bafuni akasikia vitufe vikibonyezwa, tik, tik, tik, upesi kuliko vidole vya binadamu, na aliporudi chumbani hapakuwa na mtu, ila harufu ya plastiki inayoungua iliyochanganyika na ya nywele mbichi. Gemu ilikuwa imeisha. Ile ya gari nayo ikaisha. Ya mpira ikaisha kabla hajakaa kitini.

Baada ya hapo hakuna gemu iliyoguswa tena. Kioo kilionyesha namba tupu, kubwa, na namba hiyo ilikuwa ikishuka.

"Baba, njoo umwangalie mdogo wako," mama yake aliita kutoka sebuleni. Alikuwa fundi cherehani, sauti yake imezoea kushindana na mashine, lakini safari hii aliita polepole. "Namwamsha haamki."

Msichana alikuwa amelalia vitabu vyake, macho nusu wazi. Bingwa akamlaza kwenye kochi, akaweka kiganja kifuani pake, na mkono wa pili bado umeshika kikokotoo, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo alitamani macho yake yawe yamemdanganya, kwamba kifua kikipanda namba inatulia, kikishuka nayo inashuka kwa moja, pumzi moja namba moja, bila kukosea, kama mtu anayechota mtungini huku akichungulia kilichobaki. Akachomoa betri. Kioo hakikuzimika. Akakikandamiza ukingoni mwa meza akivunje, na kabla kioo hakijaanza hata kulia msichana akakakamaa, mdomo ukapanuka ukitafuta hewa, mama akamrukia mwanawe wa kiume akimshika mikono yote miwili, "Acha, acha, unamuua," naye akaacha, namba ikishuka, ikishuka, tarakimu ya mbele ikadondoka na haikurudi.

Mganga aliletwa na mama kutoka mtaa wa pili. Alikuwa mtu mnene, mwenye pumu, aliyelazimika kukaa kwanza ndipo aseme lolote. Alinusa hewa, akakitazama kikokotoo bila kukigusa.

"Majini ya maji nayajua," alisema kwa sauti ya chini. "Ya miti nayajua. Hili la vitufe ni mara yangu ya kwanza. Ulilikuta linafanya nini?"

"Halikuwa linafanya kitu. Linahesabu tu."

"Linahesabu nini?"

"Hakuna. Namba. Zinapanda, zinarudi sifuri."

"Ukafanyaje?"

"Nikafuta," Bingwa alisema.

Mganga akafumba macho. "Kijana, jini halifungwi kwa kamba, hufungwa kwa kazi. Kuna mtu alilipatia kazi isiyoisha, likatulia. Wewe umeliachisha kazi. Likacheza michezo yako, ikaisha. Sasa limejitafutia chake cha kuhesabu."

"Lifukuze," mama alinong'ona. "Nakusihi, mzee."

"Nilifukuze liende nyumba ya nani? Mwenye kuweza ni huyu. Arudishe ile kazi."

Namba ilikuwa imebaki fupi, ya kusomeka kwa jicho moja. Bingwa akaanza kubonyeza, vidole vikiteleza. Kikokotoo kikamkatalia: nafasi hakuna. Gemu zake zilikuwa zimejaza kila kona. Akamfuta nyoka. Mikono ilimuuma kama anafuta jina lake, lakini alifuta. Akafuta gari, akafuta mpira. Midomo ya mdogo wake ilikuwa imeanza kuwa ya majivu. Mama amepiga magoti, amekishika kile kiganja kidogo, anakipulizia kana kwamba ataweza kumwazima pumzi zake.

Akaandika. Anza na moja, ongeza moja, rudia. Akabonyeza.

Ile namba iliyokuwa ikishuka ikasimama. Kisha namba mpya ikaanza kupanda kiooni, tarakimu zikikimbizana hadi hazisomeki, na kifua cha msichana kikavuta hewa ndefu, chenyewe, bila kuhesabiwa.

"Naam," mganga alisema. "Limekubali."

Mama akalia kimya kimya. Na Bingwa, ambaye roho ilikuwa bado haijarudi mahali pake, hakuweza kujizuia. Watu wengine huzaliwa hivyo.

"Na yangu ni bora kuliko ile," alisema. "Ile ilikuwa inarudi sifuri. Hii hairudi. Inapanda tu, milele."

Mganga akamgeukia. "Kwa nini ile ilikuwa inarudi?"

"Uvivu wa mwandishi."

Lakini alikuwa bado anasema hayo wakati tarakimu zilipofika ukingo wa kioo. Zikabanana. Zikatetemeka. Kikokotoo kikaandika neno moja ambalo kila mtunga gemu analijua: kimejaa. Kisha kikazimika, na ile harufu ikakatika pale pale, kama mtu aliyetoka chumbani.

Msichana akafumbua macho.

"Mwanangu," mama akasema, akimnyanyua kichwa. "Mwanangu, unajisikiaje?"

Midomo ilikuwa ikicheza. Bingwa akainama, akidhani anaomba maji. Ilikuwa namba. Ndefu, ya mamilioni kwa mamilioni, ikitamkwa kwa haraka ya kutisha, na ilipokwisha ikaja iliyofuata, na iliyofuata.

Akarudisha betri, akakiwasha kikokotoo, akaongeza ule mstari, ikifika hapa rudi sifuri, akaomba, akabonyeza, akabonyeza tena. Kikokotoo kilitii kama kifaa chochote kilichotoka dukani. Kilihesabu taratibu, kikarudi sifuri, kikahesabu. Kilikuwa baridi mkononi. Hamkuwa na mtu ndani.

Mganga alikuwa amesimama, mgongo ukutani.

Macho ya msichana yalikuwa yake mwenyewe, yamejaa machozi, yanamtazama kaka yake. Katikati ya namba mbili alivuta hewa kama mtu aliyetoa kichwa juu ya maji kwa nukta moja tu.

"Kaka," alisema, "ndani yangu mna nafasi kiasi gani?"

Kabla hajajibiwa, namba iliyofuata ikamchukua.