Wanasesere Wenye Macho ya Vifungo

Kila jioni nyumba ile ilijaa vipande vya vitambaa. Dada mkubwa alikuwa fundi cherehani. Mdogo wake, mwanafunzi wa sekondari, alikaa sakafuni na wenzake wakishona wanasesere. Wenzake walimwita Kamanda. Kutoa amri alikuwa hajafundishwa na mtu.

Likizo ilikaribia. Wanafunzi walitaka kuwachangia watoto wadogo wa kituo cha kulelea watoto. Mpango wao ulikuwa rahisi. Mtu ananunua mwanasesere, kisha anamwacha kwenye kapu. Fedha zinanunua magodoro ya kituo. Mwanasesere anakwenda kwa mtoto.

Mtoto wa dada, Kibonge, naye alishinda kituoni hapo. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema. Kamanda akirudi kutoka shuleni, Kibonge alimkimbilia mikono juu. "Mamdogo! Beba!"

"Macho yashoneni kwa uzi," dada aliwaambia. "Vifungo viacheni."

"Macho ya uzi yanasinzia, dada. Nani atanunua mwanasesere mwenye usingizi?"

Wote wakacheka. Kamanda akavuta kopo la vifungo vya mashati, vyeusi, vinavyong'aa.

"Basi kazeni uzi," dada akasema.

"Tunakaza!"

Wapi! Ilikuwa kazi ya zimamoto. Kifungo kilipitishwa uzi mara moja, kikaachwa.

Siku ya mauzo, macho yale yaliwavuta wanunuzi. Meza ikabaki tupu, kapu likafurika. Kamanda akavimba kichwa. "Si nilisema?" alimtania dada yake.

Mchana huohuo wakapeleka kapu kituoni. Kamanda alimchagulia Kibonge mwanasesere mzuri kuliko wote, akamwekea yeye mwenyewe mikononi. Kibonge akautia uso wa mwanasesere mdomoni. Watoto wa umri wake hujua kila kitu kwa mdomo.

Kisha akanyamaza. Hakulia. Hakukohoa. Mdomo ulikuwa wazi, na midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Kibonge!" Kamanda alipiga kelele, akataka kumtia kidole kooni.

"Usitie kidole! Utakisukuma ndani!" alisema mlezi wa kituo. "Pigeni simu, tupate gari la hospitali!"

Alimlaza mtoto kifudifudi pajani, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Akampiga kwa nguvu katikati ya mabega, kwa kisigino cha kiganja. Akarudia. Akarudia tena. Kifungo kikadondoka sakafuni, na Kibonge akaangua kilio. Hakuna aliyewahi kufurahia kilio kama walivyofurahia kile. Hata hivyo walimpeleka hospitali akapimwe.

Jioni dada alimbeba mwanawe, hakumweka chini. Kamanda alinyoosha mikono ampokee. Dada akageuka upande.

"Leo niache, mdogo wangu."

Hakumgombeza. Kamanda alitamani angegombezwa.

Kesho yake alimfuata mlezi. "Nilimpa kwa mikono yangu," alisema, akalia.

"Nami nilipokea kapu zima bila kukagua," mlezi alijibu. "Nilikuwa nashukuru tu. Kosa ni langu pia."

Akachukua bomba la boksi lililobaki baada ya karatasi ya chooni kwisha. Akatumbukiza kifungo. Kikapita. Akatumbukiza gurudumu la gari la kuchezea. Likapita.

"Mtoto ambaye hajafikisha miaka mitatu, kinachopita humu asipewe. Kisichopita, kivute kwanza kila mahali. Kikinyofoka kitu, usimpe."

"Tulitaka wanasesere wapendeze."

"Wampendeze nani? Kibonge hakuwa mnunuzi."

Kamanda akaanza kuwakusanya wanasesere.

Wanafunzi waliwarudisha wanasesere wote nyumbani kwa fundi. Walinyofoa vifungo vyote, wakashona macho kwa uzi. Safari hii hapakuwa na amri wala kicheko. Kamanda alijichoma sindano mara nyingi, akaendelea kushona. Dada alikuwa akiwakatia uzi.

Zawadi zilipopelekwa tena, dada naye akifuatana nao, bomba lile lilikuwa limetundikwa mlangoni mwa kituo. Kila kitu cha kuchezea kilipimwa hapo kabla ya kuingia. Ndani, watoto waliwatafuna wanasesere wao, wakawavuta na kuwakanyaga juu ya magodoro mapya. Hakuna jicho lililotoka.

Kibonge alimwona Kamanda akiwa ameshika mwanasesere. Mtoto alikuwa amekwisha kusahau. Akamkimbilia, mikono juu. "Mamdogo! Beba!"

Kamanda hakumgusa. Alimtazama dada yake.

Dada alichukua mwanasesere kutoka mkononi mwa mdogo wake. Akavuta jicho moja, kisha la pili. Yakashika. Akampa mtoto.

"Mbebe," alisema.

Kamanda akambeba, akaficha uso shingoni kwa mtoto. Lakini mkono wa dada haukutoka mgongoni kwa mwanawe.