Mmea Wenye Maziwa

Maman Yolande wa Kadutu hana bustani, lakini ukuta wa nyumba yake umejaa makopo yenye mimea minene. Kila Jumapili baada ya misa, yeye na wenzake hupeana vipande vya kupanda. Hakuna anayeuliza jina. Chochote kinene chenye miiba, wao hukiita aloe, basi.

Asubuhi moja, binti yake Mapendo aliamka na macho mekundu. Yolande alikata kipande cha mmea mdogo aliopewa na dada yake wa Bunyakiri. Akamlaza mtoto mapajani ili amdondoshee maji ya mmea huo machoni.

Kwa bahati, jirani yake Marcelline, muuza maua, aliingia kuomba makaa ya moto.

"Ngoja kwanza, Maman Yolande. Unatia nini mu macho ya mutoto?"

"Iko aloe tu. Dada yangu alinipatia."

"Aloe haiko na maziwa. Angalia."

Yolande aliangalia. Tone jeupe lilining'inia kwenye kipande, juu kidogo ya jicho la mwanawe. Aliogopa sana, akakiweka chini.

Marcelline akakata jani kutoka kopo jingine. "Aloe ndiyo hii. Iko majani, inatokea chini na kufanya duara. Ndani iko maji ya kuteleza. Ile ya dada yako, ule unene ni shina. Iko na pembe-pembe, na miiba mbili mbili. Inaitwa euphorbe. Maziwa yake inachoma. Inaweza kupofusha mutoto."

"Basi nitie hii ya kweli?"

"Hapana. Hata aloe isiingie mu macho. Nawa mikono na sabuni, twende centre de santé. Na siku ile maziwa itaruka mu jicho, osha na maji safi mingi, palepale, halafu kimbia kwa muganga wa centre."

Walikwenda kituo cha afya. Muuguzi alitoa dawa ya macho, na Mapendo akapona.

Yolande hakutupa zawadi ya dada yake. Aliipandisha juu, mikono ya watoto isikofika, akaandika jina kwa rangi kwenye kila kopo. Siku hizi, baada ya misa, anayetoa kipande hutaja jina la mmea. Asiyejua humuuliza Marcelline. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mapendo ameanza kusoma. Jioni husimama mbele ya ukuta na kusoma makopo: "A-lo-e. Eu-phor-be."

Yolande humsikiliza, kisha huita upande wa jirani: "Aksanti, Marcelline."

"Ya nini tena?"

"Mutoto anasoma. Aksanti ya macho yake."